Mbegu Zilizoota Mtoni

Lori lilizima katikati ya mto, na mto wenyewe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kukasirika. Bertilla, mama wa kijiji cha Kaoze asiyependa kubembelezwa, aliruka na mfuko wake kichwani. Modesti, dereva, akamfuata na turubai, bati la lori likamchana mguu. Walipokipata kisiwa cha mchanga, lori lilipinduka likaenda zake.

Mfuko ulikuwa na kilo kumi za mbegu ya mahindi. Alizifuata Sumbawanga mwenyewe, maana ushirika uliokuwa ukigawa mbegu ulishakufa na siku hizi mbegu ilikuwa ya dukani, ukibahatika. Muuzaji alimwapia kwamba ukoo wa mbegu hiyo ni wa Amerika, bara kabisa, ambako watu hulima mahindi mpaka macho yanachoka. Bertilla hakujali ukoo. Alijali kwamba nyumbani hakukuwa na punje nyingine, na mvua ya kupandia haimngoji mtu.

Siku ya kwanza walikinga mvua kwa turubai, wakanywa. Bertilla alichana khanga akamfunga Modesti kidonda. Siku ya pili njaa iliwakaba.

"Mama, tuzioshe tutafune," Modesti alisema, jicho kwenye mfuko.

"Huoni zilivyo nyekundu? Hiyo dawa ya wadudu ni sumu. Osha mpaka Pasaka, itakuua tu."

"Bora nife nimeshiba."

"Ukafie kwenu, siyo mbele yangu."

Akaukalia mfuko. Ndipo alipohisi unyevu. Alipofungua, punje zilikuwa zimevimba, nyingine zimetoa ncha nyeupe. Mbegu ikishaota haina subira. Isipofukiwa haraka inaoza. Bertilla alilia, wala hakujificha.

Asubuhi ya tatu, mtu alivuka akiogelea na maksai wawili, ameshika mkia. Alikuwa Meshack, mfugaji wa Kisukuma ambaye Bertilla alishamfukuza mara mbili kwa mpini wa jembe, ng'ombe wake walipoingia shambani. Angependa aje mtu mwingine yeyote.

"Shikamoo mama. Shika mkia, usiuachie hata maji yakikufunika."

"Marahaba. Na mfuko?"

"Nitaubeba mimi. Huyu mwenye mguu mbovu atashika mkia wa pili, nami kando yake."

Miguu ya Bertilla ilipoteza ardhi. Alimeza tope, akaburutwa, vidole vikafa ganzi, lakini hakuachia.

Ng'ambo, upande wa Kaoze, alimwonyesha Meshack zile punje.

"Leo hii zifukiwe. Kwa jembe la mkono siwezi."

Meshack alizitazama. Habari za mpini hakuzigusa.

"Nina jozi mbili za maksai na plau mbili," alisema.

Jioni ekari nzima ilikuwa imefukiwa, Modesti akichechemea nyuma ya plau, akidondosha mbegu.

"Nikivuna, mabua yote ni ya ng'ombe wako," Bertilla alisema. "Wakitangulia kuingia, mpini upo palepale."

Meshack akacheka.

Siku ya nne baada ya kupanda, mahindi yalichomoza, mistari kwa mistari. Bertilla alimwita Meshack aje kuyaona kabla hajamwita mtu mwingine.