Mikono ya Mpole

Profesa alikutwa amekufa kwenye kiti chake cha kusomea, saa nne asubuhi, miwani bado ipo puani. Mbele yake alisimama Mpole, mashine ya kuhudumia wazee, mikono ya mpira imening'inia kama ya mtu aliyemaliza kufua.

Shingoni mwa marehemu kulikuwa na alama kumi za vidole. Zote zililingana upana.

"Amenyongwa," alisema daktari wa polisi, akivua glavu. "Kati ya saa mbili na saa tatu. Na hivi si vidole vya binadamu."

Inspekta aliizunguka mashine mara mbili.

"Tumtie pingu, Afande?" aliuliza Koplo. "Ila ana kilo mia mbili. Nani atambeba hadi garini?"

"Usimguse. Niitie fundi wa maabara."

Mlango haukuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamekomewa kwa ndani. Jirani mwenye ufunguo wa akiba, aliyeikuta maiti, hakusikia hata kikombe kuanguka.

Fundi alifungua mgongo wa Mpole, akachomoa kinasa picha, akakitazama kwa nusu saa.

"Hajaharibika, Afande. Aliendeshwa na mtu. Ona: marehemu anainua mkono kujikinga, Mpole anamzuia karibu sekunde tatu baadaye. Kila mara hivyo hivyo."

"Mtandao mbovu?"

"Mtandao mbovu hukwama na kuachia. Hapa kuchelewa ni kule kule kila mara: ni umbali, muda wa picha kwenda na amri kurudi. Amri zilikuwa zinatoka Mwezini."

Inspekta alivuta kiti. Mwezini walikuwako wafungwa wa uhamisho, na mmoja wao Inspekta mwenyewe ndiye aliyempeleka, miaka kumi na miwili iliyopita: mdogo wa marehemu. Alikuwa amewapandikiza wagonjwa vipande vya kompyuta ubongoni bila idhini yao. Kumi na mmoja walikufa. Shahidi mkuu alikuwa Profesa, aliyesimama mahakamani dhidi ya ndugu yake wa tumbo moja.

"Lakini Mpole hafunguki kutoka nje," fundi aliendelea. "Lazima mtu wa familia aruhusu kwa sauti yake. Na sauti hiyo ya ruhusa ninayo, imehifadhiwa kando na picha."

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, haina haraka: "Namruhusu. Mpe macho, sauti na mikono."

Profesa alikuwa na mtoto mmoja tu.

Binti yake alikuwa fundi miwani, duka dogo nyuma ya posta. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia, lakini walimkuta bado anasaga kioo.

"Nikiacha kazi nitaanguka," alisema.

"Pole sana, dada. Saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nafungua duka."

"Ulizungumza na nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

Kioo kilipasuka kwenye mashine. Inspekta aliweka kinasa sauti mezani, akamsikilizisha sauti yake mwenyewe.

Binti alizima mashine, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Ni baba mdogo," alisema. "Kila mwezi wanamruhusu dakika kumi za simu. Mwaka mzima amenipigia mimi, kwa sababu baba alikataa kumpokea. Alisema mapafu yake yamejaa vumbi la kule, amebakiza wiki chache. Alitaka amshike kaka yake mkono, amwombe radhi. Mkono tu, Afande. Nikaona, kuna ubaya gani?"

"Ulitazama?"

"Nilimuunganisha na Mpole, nikatoka kwenye simu. Nilidhani ni mambo yao wawili."

Alasiri ile mfungwa aliletwa kwenye skrini ya kituo. Binti aliomba kuwapo, na Inspekta hakuwa na moyo wa kumkatalia. Mfungwa alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa.

"Mapafu yako yakoje?" Inspekta alianza.

"Mazima. Asante kwa kuniulizia hali."

"Umemuua kaka yako?"

"Nimemuua."

"Kwa nini?"

"Vile vipandikizi tulivibuni wawili. Vichwa vile kumi na kimoja tulivifungua wawili. Leo yeye ameshika kisu, mimi taa, kesho tunabadilishana. Tuliapa kwamba tukikamatwa tutakwenda pamoja. Ulipobisha hodi kwangu, Inspekta, yeye alitokea mlango wa nyuma, akaja kwako kuwa shahidi. Nawe ukamkaribisha chai."

Inspekta aliikumbuka chai ile. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwatajia makuruta jina la Profesa kila walipouliza mtu mkweli anafananaje. Sasa alihisi kama amekula kitu kilichooza mbele za watu, akakisifia.

"Kumuua tu kusingenitosha," mfungwa alisema. "Nilitaka asalitiwe na damu yake, kama nilivyosalitiwa mimi."

Binti alisimama. "Uliniambia utamshika mkono!"

"Nilimshika, mwanangu. Alidhani Mpole anampima mapigo. Nilipomwambia ni mimi, akapigana. Mzee alikuwa na nguvu bado! Ndipo nikamwambia nani amenifungulia."

Inspekta alikimbilia swichi. Alichelewa.

"Hapo akaacha kupigana."

Skrini ikawa nyeusi. Koplo alijifanya anatafuta kalamu. Binti hakulia. Alimgeukia Inspekta polepole.

"Ni kweli aliacha?"

Inspekta alikuwa ameziona picha. Hazikuwa na sauti, na hakuwa ameelewa kwa nini, katikati ya purukushani, mikono ya Profesa ilishuka ghafla ikatulia magotini. Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo," alisema, akavuta kiti, akakaa kando yake.