Mita Tatu Nyuma ya Lyse

Picha ya kwanza ilitoka ovyo, na Hamdani akajilaumu mwenyewe. Uso wa Lyse ulikuwa ukungu mtupu, lakini ukuta wa nyuma yake ulionekana hadi nyufa.

Hakuwa mpiga picha wa kubahatisha, harusi zote za Ujiji zilimpitia. Ila mwaka 2015, wiki ile Warundi walipokuwa wanamiminika Kagunga, lenzi yake ilitumbukia ziwani. Akanunua nyingine kuukuu kwa jirani yake, Mzee Bonaventura, ya chuma tupu, akaiunga kwenye kamera yake ya kidijitali. Lenzi hiyo haikujua kujirekebisha. Unaizungusha pete kwa vidole mpaka sura itulie, na namba zilizochongwa juu yake zinakuambia aliyetulia yuko mita ngapi. Aliipapasa hiyo lenzi mpaka mkewe, Zuhra, akamwambia amemletea mke mwenza.

Lyse, mwenye miaka sita, alipotezana na mama yake katika msongamano wa Kagunga, akafika Ujiji peke yake, Zuhra akamchukua. Alasiri ile gari la wakimbizi lingeondoka na picha za watoto waliopotea zikabandikwe kambini. Simu za nyumba ile zilikuwa za tochi. Bila uso unaotambulika, mtoto angebaki yatima na mama yake yu hai.

Hamdani aliweka pete kwenye mita mbili, aliposimama mtoto, akapiga tena. Lyse akatoka ukungu. Nyuma yake alisimama mtu mrefu mwenye shati lililolowa, kila uzi unahesabika, na mahali pa macho palikuwa pameziba kama ngozi ya goti. Hamdani akainua kichwa. Uani hapakuwa na mtu. Pete ilikuwa imejizungusha yenyewe hadi mita tano.

"Mbona kunanuka tope la ziwa?" Zuhra aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kamwite Bi Asia. Mwambie aje na ubani."

Bi Asia, mganga wa mtaa ule, aliitazama picha akairudisha kamera upesi. "Jini wa maji huyu. Kafuata lenzi yako iliyozama, sasa kamwona mtoto, anataka kiti cha kukalia. Atamwita kwa jina. Atakayeitika ndiye kiti chake, kwa hiyo asiitike mtu!"

"Uyu mutu iko na sauti ya mama," Lyse alinong'ona.

Hapo Hamdani aliogopa kwelikweli, maana Lyse alilelewa vizuri, na mtoto wa Kirundi aliyelelewa vizuri akiitwa na mama yake huitika "karame" kabla hata hajageuka, na huwezi kumfutia malezi ya miaka sita kwa dakika moja ya kumkataza, huku moshi wa ubani umejaa uani, Bi Asia anasoma dua, na pete ile inateleza chini ya vidole vya Hamdani, mita nne, mita tatu, mbili na nusu, na kwenye kioo cha kamera mkono uliolowa unashuka polepole juu ya bega la mtoto, kisha sauti ya mwanamke, laini, ya kubembeleza, ikaita, "Lyse," na mtoto akafungua mdomo.

"Naam!" akaitika Hamdani.

Pete ikasimama kwenye mita mbili. Harufu ya tope ikakatika. Kwenye kioo Lyse alikuwa safi, hata chozi lake lilionekana, na Hamdani akabonyeza.

Picha iliwahi gari. Siku ya nne mama wa Lyse, Mélanie, alimtambua ukutani kambini, na walipokumbatiana Hamdani alilia bila aibu.

"Basi jini kaondoka?" Zuhra alimuuliza Bi Asia.

"Kwa mtoto, ndiyo." Hakumtazama Hamdani.

Tangu hapo kila picha anayopiga Hamdani, hata kwa lenzi ya kuazima, ina doa la rangi ya shati lililolowa lililoziba nusu yake. Amezungusha pete hadi namba ya mwisho, ya karibu kabisa, nusu mita, na doa halitulii. Hajamwambia Zuhra maana yake. Lenzi ile inakamata chochote duniani, isipokuwa kilicho karibu nawe kuliko hapo.