Picha Iliyozidi

Hesabu ilitakiwa iwe mia sita na sitini. Kwenye kona ya skrini, kwa zile tarakimu ndogo za njano ambazo hazisomwi na mtu isipokuwa mafundi na watu waliokosa cha kufanya, ilisomeka mia sita sitini na moja.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Ile moja ilikuwa palepale. Picha moja imezidi, imetokea wapi? Akajisemea kwamba kompyuta nazo hukosea kama sisi, akakusanya bisibisi zake mkobani, akaaga. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kumi na minane kati ya hiyo ameimaliza akifunga televisheni katika hoteli na meli za abiria za watu wa kila lugha, na bado alikuwa na tabia ya kukipa mgongo kitu kidogo asichokielewa.

Kumjua mtu huyu, kwanza ulijue goti lake. La kulia. Aliliumiza kwenye ngazi za meli akiwa amebeba televisheni ya nahodha, televisheni ilipona. Tangu hapo goti lilikuwa linalia kwa kila kidato, kwii, kwii, kama bawaba ambayo haijaonja mafuta, na dada yake aliyekaa ghorofa ya tatu alikuwa akilisikia tangu chini. Goti likifika ghorofa ya kwanza, anabandika maji ya chai. Likifika ya pili, anafungua komeo. Fundi mwenyewe alikuwa akisema hicho ndicho kifaa pekee mwilini mwake kinachofanya kazi kwa sauti ya kuridhisha.

Dada alikuwa na miezi saba ya ujane. Mumewe alikuwa mtu wa kukimbia kamera, kwa hiyo alichoacha ni video moja tu ya simu, sekunde kumi na moja, aliyoichukua dada kwa kumvizia. Shemeji anatoka jikoni na kikombe cha chai juu ya kisahani. Anachechemea mguu wa kushoto, kama alivyochechemea tangu utotoni, na kwa kila hatua chai inamwagikia kisahani. Anagundua anapigwa picha, anacheka, anaisogelea simu, anaiziba kwa kiganja. Basi, hapo imekwisha. Dada alitaka amwone kwenye televisheni kubwa ya ukutani, angalau akaribie kimo chake.

Fundi alimtengenezea kompyuta ndogo ya kukaa kabatini chini ya televisheni, isiyo na feni wala kitu chochote kinachozunguka, kimya kama mkwe mpya. Akatundika na mapazia mazito ili hata saa nane mchana sebule iwe giza. Tatizo likawa mwendo. Video ilikuwa na picha ishirini na nne kwa sekunde, televisheni inataka sitini, na ishirini na nne haiingii kwenye sitini sawasawa. Picha hii inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, jicho linashtuka. Shemeji akawa anatoka jikoni kwa kukwamakwama.

Fundi akabadilisha mpangilio, akailazimisha televisheni iende na mwendo wa video. Dada akasema bado, anakatika. Ndipo Fundi alipowasha sehemu iliyoandikwa Kulainisha Mwendo. Akamweleza kwa fahari kwamba sasa mashine itachukua picha moja na inayoifuata, halafu ibuni za katikati, picha ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzipiga. Kati ya mia sita na sitini atakazoziona, mia tatu tisini na sita ni za kubuni tu. Dada hakuwa akisikiliza. Shemeji alikuwa anatoka jikoni laini kama mafuta yanavyoteleza kwenye kioo, na yeye alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Siku hiyo Fundi alishuka ngazi akijiona mtu, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi. Alipofika chini tu ndipo alipohisi kuna kitu kimepungua kwenye ile video, na hakuweza kusema ni nini.

Siku nne baadaye dada alimpigia simu. Alikuwa anazungumza chinichini, kama mtu mwenye mtoto aliyelala chumba cha pili. Alisema kompyuta inapiga kelele. Fundi akacheka, akamwambia hiyo kompyuta haina hata cha kupigia kelele. Dada akasema inalia kama cherehani.

Alikwenda saa tisa alasiri. Goti lilipiga kelele zake ghorofa zote tatu, lakini alipofika mlango ulikuwa haujafunguliwa, wala hapakuwa na harufu ya chai. Kulikuwa na harufu nyingine: siki. Sebule ilikuwa giza totoro. Dada alikuwa ameketi sakafuni mbele ya televisheni, karibu mno, gauni limempwaya, na hakugeuka.

Alisema tu, “Keti uone.” Akaianzisha video.

Sauti ilianza hapohapo, tiki-tiki-tiki-tiki, ya haraka na ya kupangika. Fundi akapiga goti, akafungua kabati, akaegesha sikio kwenye kompyuta. Kimya, hata joto haikuwa nalo. Sauti ilikuwa inatoka nyuma yao, kule sebule inakoishia kwenye ukuta mtupu karibu na mlango. Akainua macho kuangalia zile tarakimu za njano, na zilikuwa zimepita mia sita na sitini na zinaendelea, mia saba, mia saba na kumi, na Shemeji alikuwa ameshafika mbele ya simu na ameinua kiganja cha kuiziba lakini hakuiziba, kiganja kilikuwa kimesimama hewani na juu ya vidole vyake macho yalikuwa yanatazama, si upande wa simu wala upande wa dada aliyeishika simu siku ile, bali chini, sakafuni, palepale alipoketi dada leo, na yakitoka hapo yalikuwa yanahama taratibu, laini, bila kukwama hata mara moja, yanamfuata Fundi aliyepiga goti mbele ya kabati na mdomo wazi. Mia saba na ishirini. Skrini ikawa nyeusi. Video ya sekunde kumi na moja ilikuwa imechukua kumi na mbili.

Kwenye giza lile ndipo Fundi alipojua kilichopungua. Kile kisahani kilikuwa kikavu.

“Dada,” alisema, “hachechemei.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku uliyowasha.”

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Fundi zaidi. Dada akamwonyesha mkono wa kulia. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyekundu, zimefura malengelenge. Akamweleza, polepole, kwamba jana Shemeji alimnyooshea kikombe, naye alinyoosha mkono, na kikombe kilikuwa cha moto. Leo, akasema, yeye hatashika kikombe. Leo atashika mkono wa Shemeji.

Fundi alichomoa waya ukutani. Tiki-tiki iliendelea muda mrefu baada ya umeme kukatika, ikapungua kasi, ikakoma. Akasema anaibeba kompyuta na kwenda kuitupa. Dada akainuka, akasimama kati yake na kabati.

“Nimeshamzika mara moja,” alisema. “Ukiibeba nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii koleo umeshika wewe.”

Fundi hakuibeba. Alichoweza ni kumbembeleza amsubiri hadi kesho asubuhi, na dada akakubali kwa kichwa. Aliporudi mtaani akatembea bila kujua anakwenda wapi, mpaka pua ikamkumbusha. Ile siki aliwahi kuinusa utotoni, alipokuwa akipanda kuchungulia chumba cha mashine cha sinema ya mji: ni harufu ya mikanda ya filamu inayooza. Na ile tiki-tiki ilikuwa ni mashine yenyewe.

Sinema ilikuwa imegeuzwa ghala la vigae miaka mingi, lakini mwendesha mashine wake alikuwa hai, mwanamke mkavu mwenye miwani mbili, moja puani na moja juu ya kichwa, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Sinema. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho huku akimenya chungwa. Kisha akamweleza kwamba kwenye sinema ile kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, hakikukaliwa na mtu miaka thelathini, maana kilikuwa na mwenyewe. Jini mpenda picha. Hakuwa akisumbua, kati ya watazamaji wote ni yeye peke yake aliyekuwa hakohoi.

“Mashine yangu ilikuwa inafumba jicho kila baada ya picha,” alisema. “Mtu anadhani ameangalia sinema kwa saa mbili, kumbe saa nzima amekaa gizani bila kujua. Yule alikuwa anakaa kwenye lile giza, akitosheka. Wewe, mwanangu, umeliziba giza lote kwa picha za uongo. Mgeni amekuja, hana pa kukaa, amekaa kwenye picha.”

Fundi akauliza kwa nini anamvaa Shemeji.

“Ulimtengenezea nguo tupu yenye umbo la mtu, ukaining'iniza. Ulitaka afanye nini?”

Asubuhi iliyofuata, saa nne, Bibi Sinema alipanda ghorofa tatu bila kupumzika, jambo lililomwaibisha Fundi aliyekuwa nyuma yake, goti likimlia. Aliomba kiti kimoja cha kulia chakula, akakiweka mwisho wa sebule karibu na mlango, kikielekea televisheni. Masharti yalikuwa machache. Mapazia yafungwe, video iendeshwe na ulaini wake wote. Dada ndiye aliyemkaribisha, kwa hiyo dada ndiye atakayemwambia kwamba yeye si mumewe. Akishatamka, Fundi azime Kulainisha Mwendo kwa mkono wake mwenyewe, palepale kabatini. Mgeni akikosa pa kukaa atarudi kwenye kiti, na Bibi atakitoa kiti nje na mlango utafungwa. Kiti kisikaliwe na mtu. Alilisema hilo mara mbili, mara ya pili akimtazama Fundi.

Video ikaanza, na tiki-tiki nayo. Fundi alikuwa amepiga goti kabatini, kidole kwenye kitufe, siki inamchoma koo. Shemeji alitoka jikoni akiteleza. Hakuna hata tone lililomwagika. Alikuja mpaka uso ukajaa skrini nzima, akatabasamu, na badala ya kiganja akanyoosha mkono, na Fundi aliona, kwa jicho la pembeni ambalo angependa lingekuwa bovu kama goti, vidole vinne vikiishika fremu nyeusi ya televisheni kwa nje.

“Dada,” alinong'ona, “sema.”

Dada alikuwa analia bila sauti. Mkono wake wenye malengelenge ulikuwa umeshainuka nusu. Alikaa hivyo, picha mia nane, mia tisa, na Bibi Sinema hakumharakisha. Mwishowe aliushusha mkono, akaukalia, kama mtoto anayejizuia kugusa chakula.

“Mume wangu alikuwa anachechemea,” alisema. “Wewe umenyooka mno. Nenda.”

Fundi akabonyeza. Skrini ikazimika, ikawa nyeusi, na kitu kikapita sebuleni kama pazia linavyovutwa na upepo ingawa mapazia hayakutikisika. Fundi hakuthubutu kuipa skrini mgongo. Akainuka kwa shida na kuanza kurudi kinyumenyume gizani, hatua moja, nyingine, goti likimuuma kuliko siku zote, mpaka kitu kikamgonga nyuma ya miguu na, kwa mazoea ya mtu mzito aliyekutana na kiti, akaketi.

Alikaa kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaruka kama aliyekalia kaa la moto, akasimama kando. Wanawake wote wawili walikuwa wanaangalia mbele. Hakuna aliyemwona. Maisha yake yote alikuwa amejifanyia mzaha hadharani, lakini hili aliona haya kulisema.

Tiki-tiki ilikuwa imenyamaza. Bibi Sinema alikiinua kiti kwa mikono yake, akakipeleka nje kwenye ngazi, akafunga mlango. Alibaki amesimama kidogo, akijifuta viganja.

“Chepesi,” alisema, kama anayejiuliza. “Nilitegemea kizito.”

Kisha dada akaiendesha video mwenyewe. Picha mia mbili sitini na nne. Shemeji akatoka jikoni akikwamakwama na kuchechemea, chai ikamwagikia kisahani, akacheka, kiganja kikaziba kila kitu. Dada naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kicheko chenye kamasi. “Huyo ndiye,” alisema. “Hata chai hajui kubeba.” Akafungua mapazia. Jua likaingia, likaonyesha vumbi na sahani chafu, na hakuna aliyejali.

Walikunywa chai. Bibi alibaki kwa kikombe cha pili. Fundi akaaga, kwa sababu kulikuwa na jambo linamkera kifuani na hakutaka kulitafuta mbele za watu. Dada akamsindikiza hadi mlangoni, akaegemea ukingo wa ngazi kama kawaida yake, asikilize goti likimshusha.

Fundi alishuka ghorofa ya tatu. Akashuka ya pili. Alikuwa ameshafika chini kabisa, anaona mwanga wa barabara, alipotambua kwamba ngazi zote zile hazikuwa zimetoa sauti.

Akasimama. Akainua macho. Juu kule, uso wa dada yake ulikuwa umechungulia kwenye ukingo, mdogo, umetulia mno.

“Mdogo wangu,” aliuliza kwa sauti ya chini, na ngazi zikaileta yote. “Goti lako?”

Fundi akafungua mdomo atoe mzaha. Alikuwa nao, ulikuwa umeiva, kuhusu mafuta na bawaba. Badala yake ilimjia siki. Akaupeleka mguu wa kulia mbele, akajaribu kuchechemea, kwa makusudi, kwa nguvu zake zote, ili dada aone. Na mguu ukashuka chini taratibu, laini, ukafuatwa na wa pili, bila kukwama.

“Basi usipande,” alisema dada.

Akasikia mlango ukifungwa, komeo likipita. Miguu yake ilikuwa imeshatoka barabarani.