Rola Iliyoliwa na Panya

Kila alasiri, Limi alipotoka shuleni alipita kwenye kiwanda cha chapa cha Ngokolo, alikofanya kazi baba yake, Maige. Limi alikuwa na kazi moja tu pale: kuosha rola kwa mafuta ya taa, kisha kuifungia ndani ya sanduku la bati. Rola ndiyo iliyopaka wino kwenye herufi za risasi, na bila rola hakuna chapa. Ilitengenezwa kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe na sukari guru, na panya waliipenda kuliko mahindi.

Jumatano moja wenzake walimwita akacheze rede. Akaiosha rola harakaharaka, akaiacha juu ya meza, huyoo akaenda zake.

Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, Limi na baba yake walimkuta mwenye kiwanda, Mzee Pranlal, akifoka peke yake.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee akainyakua rola mezani. "Nani ameacha rola nje?"

"Ni joto, Mzee," Limi akasema. "Imeyeyuka."

"Tangu lini joto likawa na meno?" Mzee akamsogezea rola usoni. Ilikuwa imetafunwa upande mzima. "Usinifanye mjinga, mtoto wewe!"

Maige alimkazia binti yake macho. Aibu ilimchoma Limi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya Songwa, watu walikuwa wakinywa maji ya lambo hivyohivyo, na bwana afya alitaka matangazo ya kuchemsha maji yabandikwe mnadani Jumamosi. Dukani rola hazikuwepo. Miaka ile hata sabuni watu waliipangia foleni.

"Mzee, tengeneza nyingine," Maige akaomba.

"Sitengenezi! Nilimfundisha Donatus, akakimbilia dhahabu Geita. Nikamfundisha Onesmo, naye akamfuata. Nimeapa, simfundishi mtu tena!"

"Basi tengeneza peke yako. Sisi tutatoka nje, kama siku zote unapotengeneza."

"Kwa mikono hii?" Mzee akainua mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka. "Hata kijiko siwezi kukishika vizuri."

Limi akalia, lakini kwa hasira.

"Ni mimi! Niliiacha mezani nikaenda kucheza, kisha nikadanganya. Niadhibuni! Lakini na wewe, Mzee, unaijua kazi na unaificha! Watu wa Songwa wafe kwa sababu Donatus alikimbia? Baba hajakimbia! Mimi sijakimbia!"

"Limi!" Maige alifoka. "Unamjibu mzee hivyo? Omba radhi!"

"Naomba radhi kwa kusema uongo," Limi akasema, akifuta kamasi. "Hayo mengine ni kweli."

Mzee Pranlal alilipiga teke sanduku la bati, akaingia stoo. Walisikia vitu vikigongana humo. Akatoka na bomba la chuma na furushi la gundi.

"Mnashangaa nini? Maige, loweka hii. Na wewe mwenye mdomo, nenda shule! Ukirudi, mikono iwe safi!"

Alasiri ile Mzee aligomba bila kupumzika. Sufuria ya gundi waliiweka ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, wakatia sukari guru, wakakoroga kwa zamu mpaka mabega yakauma.

"Taratibu! Ikichemka itatoa mapovu. Rola yenye mapovu ni ya kutupa!"

Jioni wakaimimina ndani ya bomba lililopakwa mafuta, kuzunguka fimbo ya chuma. Ijumaa asubuhi, gundi ikiwa imeganda, wakaivuta rola polepole. Ilitoka laini, haina hata kishimo kimoja. Maige akaifunga kwenye mtambo, na kabla ya jua kuchwa bwana afya akaondoka na mzigo wake wa matangazo.

Mzee Pranlal alikaa, uso bado umekunjamana.

"Sikiliza, Limi. Umeficha kosa usiku mmoja tu, na nusura watu wakose tangazo. Mimi nimeficha kazi miaka mingi, na nusura mji ukose kiwanda. Mkosaji mkubwa ni nani? Usinijibu!" Akapumua. "Kosa lisemwe mapema ili lirekebishwe. Na kazi ifundishwe mapema, kabla mwenyewe hajazikwa nayo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Haya. Kesho utatengeneza rola ya akiba, wewe mwenyewe, tangu mwanzo. Mimi nitakaa hapa kwenye kiti nikugombeze."