Majina Saba kutoka Mugumu

Kazi ilikuwa imebaki moja tu, tena nyepesi: kuhakiki kitabu, kukipiga muhuri, kufunga maktaba, kisha kurudi nyumbani Nkende kabla mama hajaanza kunung'unika.

Kitabu kilikuwa kimefika mchana kwa basi la Mugumu. Maktaba za miji hiyo miwili zilikuwa zimeanza kubadilishana vitabu vya historia: Tarime wapeleke chao, Mugumu walete chao. Vitabu vya namna hiyo huchapwa nakala chache, na kurasa huweza kurukwa, kwa hiyo Rhobi, mtunza maktaba wa Tarime, na mwenzake wa Mugumu, Nestory, walijiwekea utaratibu. Aliyepokea anapiga simu na kusoma kwa sauti kidogo huku na kidogo kule. Aliyetuma anafuatilia kwenye nakala yake na kujibu "ndiyo".

Jua lilikuwa linazama. Rhobi alimpigia Nestory, akaweka simu mezani, spika ikiwa imewashwa.

"Ukurasa wa themanini na mbili. Waliofukiwa na shimo la dhahabu, wasipatikane hadi leo. Majina saba."

"Ndiyo. Soma, dada."

Hapo ndipo alipopaswa kusita. Kaka yake, Wangwe, alikwenda kuchimba dhahabu upande huo huo wa Mugumu, Serengeti, na huu ulikuwa mwezi wa tano hajulikani alipo. Mama yao alikuwa amemkanya Rhobi mara ngapi? Aliyepotea haitwi kwa sauti jua likizama. Akiwa hai, hataitika. Akiitika, usimtafute tena.

Lakini haya yalikuwa majina ya kitabuni, ya watu wa miaka ya zamani. Kazi ni kazi.

"Kisyeri."

"Naam."

"Nyamhanga."

"Naam..."

Rhobi akatabasamu. Nestory na utani wake! Hiyo ya pili aliitoa kwa sauti ya mzee mwenye kifua kibovu. Jina la tatu likaitikiwa na sauti nyembamba ya kijana. La nne lilitanguliwa na kikohozi kirefu. Harufu ya udongo mbichi ikaanza kupanda, na mvua ilikuwa na wiki tatu haijanyesha.

Alipomaliza la saba, simu ikaita.

Ikaita vipi, nayo ilikuwa hewani muda wote?

"Dada Rhobi, samahani," alisema Nestory. "Mtandao ulikatika, ndiyo kwanza umerudi. Majina tulikuwa hatujayaanza, sivyo?"

Rhobi aligeuka. Nywele zilikuwa zimemsimama. Kule nyuma ya rafu kulikuwa na watu wanaohema... wengi.

"Bado mmoja," sauti ikanong'ona. Haikutoka kwenye simu. "Mwite."

Mwingine angetimua mbio, na asingelaumiwa. Rhobi alitaka kukimbia pia. Ila miezi mitano ya kutojua ilikuwa imemchosha kuliko hofu yenyewe. Kila hodi ilimrusha moyo. Kila usiku mama alimwekea Wangwe chakula, na kila asubuhi wakakimwaga.

Akiwa hai, hataitika.

Alikata simu. Akafumba macho.

"Wangwe."

Kimya.

Akangoja. Hakuna naam, hakuna kikohozi. Hata wale waliokuwa wakihema walikuwa wamenyamaza.

Kimya kabisa.

Rhobi akaangua kilio cha furaha pale pale kitini. Yuko hai! Kaka yake yuko hai! Muhuri aliusahau, kitabu akakiacha wazi, akafunga mlango na kwenda nyumbani mbiombio, akicheka peke yake njiani kama mtu aliyeokota kitu.

Mama yake, Nyangi, alikuwa ameketi chini kando ya mlango, kanga imemdondoka mabegani. Uani, kwenye vumbi kavu, kulikuwa na nyayo za tope bichi. Zilitoka getini hadi mlangoni. Hazikuwa za mtu mmoja.

"Shikamoo mama. Mama, nina habari nje—"

"Wameingia watu," mama alinong'ona, bila kuitikia salamu. "Saba wamenipita hapa, hawakusema kitu. Wa nane akasimama hapo ulipo wewe. Nimemtambua kwa sauti. Akasema, 'Naam, dada.'"

Ndani, kijiko kiligonga sahani.

Mama akainua uso.

"Rhobi. Nani amemwita mwanangu?"