Jibu la Papo kwa Papo

Mwalimu alikuwa na kazi mbili na miguu miwili tu. Asubuhi alifundisha watoto wa darasa la tatu, ambao walijaa chumbani hadi wengine wakaketi kwenye kingo za madirisha. Mchana alirudi nyumbani, akala akiwa amesimama, akabadilisha viatu. Kisha alitoka tena kwenda kufundisha Kiingereza kwa watu wazima, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipenya kwenye mbao za sakafu na kumpanda kichwani. Alipofika mbele ya ubao, sauti yake ilikuwa imeshakauka.

Wanafunzi wake nao walikuja wamechoka. Walikuwapo mlinzi wa benki, dereva wa teksi, washonaji wawili na wapishi wa hoteli. Alikuwapo pia wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya usafi hospitalini.

Lakini mtu mzima hata akichoka, swali lake halichoki. Mtoto ukimwambia "hivi ndivyo Kiingereza kilivyo," anaandika na kunyamaza. Mtu mzima anataka kujua kwa nini. Yule mlinzi alizidi wote, hata wenzake wakamwita Kwanini. Aliuliza akiingia, aliuliza akitoka, na mara nyingine aliuliza kwenye ngazi.

Mwalimu alijibu kila swali papo hapo. Alifunzwa hivyo na walimu wake wa zamani. Walimwambia kwamba mwalimu akisema "sijui", kesho wanafunzi watampanda kichwani. Basi alipolijua jibu, alilisema. Asipolijua, alilipika. Alilipika haraka, akalipakua likiwa bichi, na watu wakalila wakashukuru.

Ijumaa moja wifi yake alirudi kutoka kwenye usaili. Hospitali ilitafuta mtu wa mapokezi anayeweza kuzungumza na wagonjwa wageni. Wifi aliitamani sana nafasi hiyo, wala si kwa sababu ya kiti cha ofisini chenye magurudumu. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kuinama na kupiga deki. Daktari alishamwambia kwamba akiendelea hivyo, siku moja atainama asiinuke.

Wifi aliingia jikoni kwa Mwalimu, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi bila kuombwa.

"Wifi, mbona kimya?" Mwalimu aliuliza. "Walikuuliza nini?"

"Waliniuliza ninafanya kazi wapi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, wifi yangu. Nikataka kusema hospitalini. Nikakumbuka ulivyonifundisha. Jengo kubwa tunatumia 'in', jengo dogo tunatumia 'at'. Sasa nikaanza kulipima jengo. Hospitali yetu ina ghorofa moja juu. Nikajiuliza, hili ni kubwa au dogo? Nikiifikiria ile ya mjini, yetu ni ndogo. Nikifikiria zahanati, yetu ni kubwa."

"Ukasemaje?"

"Nilikaa kimya mpaka mmoja wao akakohoa. Halafu nikasema, 'Yes, thank you.'"

Mume wa Mwalimu alikuwa mlangoni. Alicheka, kisha akaona uso wa dada yake, akaacha kucheka.

"Msimamizi wangu ameniombea kwao," wifi aliendelea. "Wamesema nirudi Alhamisi. Nikishindwa tena, wanamchukua mtu mwingine. Mimi na ndoo mpaka kaburini."

Mwalimu aliikumbuka vizuri siku ile wifi alipouliza swali hilo. Kichwa kilikuwa kinamgonga, na saa ya kumaliza kipindi ilikuwa imekaribia. Mambo ya jengo kubwa na jengo dogo aliyatunga akiwa anafuta ubao.

Jumatatu darasani, wifi alimsimulia Kwanini mkasa wake. Kwanini alimsikiliza huku amekunja uso, kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Huyu ulimwambia ni ukubwa wa jengo. Mimi nilipouliza mwezi uliopita, uliniambia 'in' ni ya mgonjwa na 'at' ni ya mgeni aliyekwenda kumwona. Sasa mimi si mgonjwa na benki si kubwa. Nifuate lipi?"

Chumba kizima kilimtazama Mwalimu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale, mbele ya ubao wake mwenyewe. Alitaka kutunga jibu la tatu la kuyaunganisha yale mawili. Alifungua mdomo, lakini hata uongo unataka nguvu, na yeye nguvu zilikuwa zimemwishia. Aliwaambia kipindi kimekwisha, akashuka ngazi akiwa ameona haya.

Hakwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Alipita kwa jirani yake, Bi Mkufunzi, ambaye kabla ya kustaafu alifundisha walimu chuoni. Alimkuta uani anaanua shuka kabla giza halijaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sura hiyo vipi? Umekuja kulia au umekuja kuuliza?"

"Vyote viwili."

"Basi shika ncha hii ya shuka. Lia huku tunakunja."

Mwalimu alishika ncha, akaeleza yote. Bi Mkufunzi alisikiliza bila kumkatiza. Walikunja shuka ya kwanza, wakachukua ya pili.

"Nani alikwambia swali ni moto, ukiliona ulikimbilie kulizima?" Bi Mkufunzi aliuliza.

"Nikisema sijui wataniona mjinga, mama. Hawa ni watu wazima. Wengine wananizidi umri."

"Na sasa wanakuonaje?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Mficha uchi hazai," Bi Mkufunzi alisema. "Nisikilize. Mtu akikuuliza swali gumu, usianze kujibu. Muulize kwanza sentensi hiyo ameikuta wapi, na yeye alitaka kusema nini. Maswali mengi yanajibika hapo hapo, kwa sababu mtu hataki kanuni. Anataka kusema jambo lake."

"Halafu?"

"Halafu mpe mifano. Iwe ya kazini kwake, siyo ya kitabuni. Mlinzi mpe mifano ya getini. Mwache aitazame, aone mwenyewe inafanana wapi. Kanuni itakuja baadaye, kama ipo."

"Kama ipo?"

"Ndiyo. Mara nyingine njia zote mbili ni sahihi, mwanangu. Ukimtungia tofauti isiyokuwepo, unamtwisha mzigo wa mawe na safari hana."

"Na nikiwa sijui kabisa?"

"Unasema hujui. Lakini usikomee hapo. Unasema utatafuta, unataja siku ya kuleta jibu, na siku hiyo unalileta. Ukisema hujui na usirudi, wewe ni mvivu tu." Alivuta shuka ikanyooka. "Hilo swali la hospitali, mimi mwenyewe leo sitakujibu kichwa kichwa. Ninayo kamusi ya wanafunzi, ina mifano mingi. Twende ndani tukaangalie."

Waliangalia pamoja. Kamusi haikuwa na habari ya ukubwa wa jengo hata kidogo. Mtu anayesema anafanya kazi hospitalini anaweza kutumia "in" au "at", zote ni sawa. Akifikiria zaidi ndani ya jengo, atapenda "in". Akifikiria tu mahali alipo, atapenda "at". Mgonjwa aliyelazwa hutumia "in" zaidi, kwa hiyo jibu alilopewa Kwanini lilikuwa na chembe ya ukweli, ingawa liliangukia hapo kwa bahati. Mwalimu alisoma mifano hiyo mara mbili. Wifi yake angeweza kujibu vyovyote vile, na angekuwa sahihi.

"Alinyamaza kwa sababu yangu," alisema.

"Ndiyo," Bi Mkufunzi alimjibu. Hakupamba maneno.

Jumatano Mwalimu alisimama mbele ya darasa. Miguu ilimuuma kama kawaida.

"Yale majibu mawili niliyatunga," alisema. "Sikujua, nikaona aibu kusema. Naomba mnisamehe, hasa wewe, wifi."

Dereva wa teksi alivuta pumzi ndefu.

"Kumbe," alisema. "Mimi siku zote nilidhani kichwa changu ndicho kibovu."

"Hata mimi," alisema mshonaji mmoja. "Nilikuwa nimeshaamua kuacha mwezi huu."

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu kuliko kama angetukanwa. Akamgeukia wifi. "Wifi, ukiambiwa useme unafanya kazi wapi, unataka waelewe nini?"

"Kwamba nipo pale hospitali. Basi."

"Basi sema upendavyo. Zote mbili ni sahihi." Akaandika mifano ubaoni, ya hospitali, ya benki, ya jikoni hotelini. Waliisoma kwa sauti, wakaongeza yao. Siku hiyo hata wapishi walizungumza, na wao walikuwa mabubu tangu mwaka uanze.

Kwanini alinyoosha mkono. Aliuliza swali jingine, refu, la maneno aliyoyasikia kwa meneja wa benki. Mwalimu alilifikiria.

"Ulisikia akimwambia nani?" aliuliza. Kwanini akaeleza. Mwalimu akafikiria tena. "Hili silijui. Nitalitafuta, nikujibu Jumatatu."

Kwanini alitazama wenzake, kifua mbele. "Mmeona? Swali langu ni zito."

Alhamisi jioni wifi alirudi. Mwalimu alikuwa amekaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na darasa la jioni. Hakuwa na ujasiri wa kuuliza. Wifi alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Waliniuliza tena ninafanya kazi wapi. Nikawajibu kabla hawajamaliza."

"Halafu?"

"Halafu mmoja wao akajifanya mgonjwa mgeni. Akaniuliza kwa Kiingereza kama dawa yake anaweza kuimeza pamoja na ile aliyopewa jana. Wifi, mimi nitajuaje? Nikataka kunyamaza kama siku ile. Nikakukumbuka jana ulivyosimama mbele yetu. Nikamwambia kwa Kiingereza hicho hicho changu, sijui, tafadhali kaa hapa, naenda kumuuliza daktari, nitarudi kukujibu."

"Wakasemaje?"

"Wamenipa kazi. Naanza mwezi ujao." Alijifuta macho kwa kanga. "Yule mkubwa wao alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniambia wenzangu wawili walioomba kazi hiyo wana Kiingereza kizuri kuliko changu. Wote wawili walimwambia mgonjwa ameze."

Mwalimu alitoa miguu kwenye beseni, akamkumbatia wifi yake hivyo hivyo, maji yakichuruzika sakafuni.