Kuku, Kadi na Maji ya Nyakisasa

Asubuhi ile nilikuwa uani nachambua maharage. Mama mkwe wangu, Limi, alikaa karibu nami. Alikuwa ananisimulia kwa mara ya mia jinsi walivyohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Asubuhi hiyo ilikuwa ya mwaka 2007. Wakimbizi walikuwa wanarudi Burundi, na malori yao yalipita barabarani karibu kila wiki.

Kwenye ungo wa maharage niliweka kadi ya GPS. Ndiyo, kwenye ungo! Usinicheke sasa, ya kucheka yanakuja.

GPS ni kifaa cha mkononi. Ukitembea nacho, kinajua mahali ulipo na kinachora njia uliyopita. Njia hiyo inaandikwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Watu wa mradi wa maji walinikabidhi kifaa hicho mimi, Kalista, katibu wa kamati ya maji ya kitongoji chetu, hapa Nyakisasa. Kazi ilikuwa moja tu. Nitembee nacho kutoka chemchemi hadi shuleni, kichore njia ya bomba. Ijumaa gari lao lingekuja kukichukua. Kitongoji kisicho na ramani siku hiyo hakingepata bomba.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilitoa kadi nifute vumbi. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama ukucha. Nikaiweka kwenye ungo, nikainuka kumwaga makapi.

Tetea mwekundu wa mama mkwe akaja. Akatazama maharage. Akatazama kadi. Do! Akaimeza.

"Mama! Kuku amekula kadi ya maji!"

"Maji nayo yana kadi?" Limi akauliza.

Mume wangu, Methusela, alitoka ndani mbio. "Mkamateni! Tumchinje, tuitoe!"

"Thubutu!" Limi akasimama. "Huyu analalia mayai kumi na mawili. Mkitaka kuchinja, mchinjeni aliyeweka kadi kwenye ungo!"

Tulicheka sote, lakini mimi machozi yalinitoka. Miaka kumi na moja nimepanda kilima cha chemchemi na ndoo kichwani. Nilianguka hapo nikiwa na mimba ya mwanangu Gidioni. Sasa ningewaambia nini wanawake wenzangu? Kwamba bomba lao limo tumboni mwa kuku?

Nikawasha kifaa bila kadi. Kikaandika kwamba nafasi ya ndani imejaa. Zilikuwa alama za vijiji vingine, na tulikatazwa kuzifuta.

"Usilie, mama Gidioni," Methusela akasema. "Kadi zinauzwa sokoni kule karibu na kambi ya wakimbizi. Nakwenda."

Akapanda baiskeli. Alirudi jua linazama, kifua mbele.

"Nimekuletea dume! Giga nane! Muuzaji alitaka kunipa ndogo. Nikamwambia, mimi ni mtoto wa mfugaji Bulugu, sinunui ndama."

Ndivyo alivyo mume wangu. Kwao Usukumani ng'ombe anachaguliwa kwa kutazama nundu na pembe, na mkubwa ndiye bora. Basi naye alinunua kadi kama anayenunua ng'ombe mnadani.

Tukaiweka kadi. Kifaa kikasema hakuna kadi. Methusela akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kadi. Akataka kuisukuma kwa nguvu, nikamshika mkono.

"Kimerogwa," akasema.

"Labda kinamtaka yule kuku," mama mkwe akajibu.

Usiku sikupata usingizi. Alfajiri nikamkumbuka Niragira. Alikuwa mkimbizi, rafiki yangu tangu nilipokuwa nauza ndizi pale sokoni. Miaka minne alitembea na watu wa ramani wakipima mabomba ya kambi. Wiki iliyofuata alikuwa anapanda lori kurudi kwao. Kama si leo, ningempata wapi tena?

Mimi na Methusela tulimkuta sokoni. "Amahoro, Kalista!" akanisalimu kwa mbali. Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu, hatuhitaji mkalimani. Lakini kwa ajili ya Methusela tulizungumza Kiswahili.

Nikamweleza habari ya kuku. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya, lete kifaa," akasema akijifuta machozi. Akakizima kwanza. Akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, kisha akaitoa kadi taratibu.

"Shemeji, kadi hii ni nzima. Lakini si ya kifaa hiki."

"Kwa nini? Imeingia vizuri," Methusela akabisha.

"Kuingia si kusomeka. Tazama hapa. Unaona herufi HC? Kadi zenye herufi hizo ni za aina mpya. Kifaa hiki ni cha zamani, hakizijui. Mlipewa na kitabu chake?"

Kitabu kilikuwa mkobani. Hatukuwa tumekifungua hata siku moja. Aibu iliyoje! Niragira akatafuta ukurasa wa kadi, akanipa nisome mwenyewe. Nikasoma kwa sauti: kadi isizidi giga mbili.

"Umesikia, mtoto wa Bulugu?" nikamwambia mume wangu.

"Lakini giga mbili zitatosha?" akauliza. "Njia ni ndefu."

"Njia ya siku nzima inachukua nafasi ndogo mno," Niragira akasema. "Giga mbili hamtazijaza hata mkitembea mpaka Biharamulo na kurudi. Wanaotaka kadi kubwa ni wenye nyimbo na picha nyingi."

Tukaenda wote kwa muuzaji. "Tangu lini mtu akarudisha kubwa achukue ndogo?" akashangaa. Hata hivyo akapekua chini ya sanduku lake. Kadi za giga mbili zilikuwa mbili, zimejaa vumbi, hazina mnunuzi. Akatubadilishia zote mbili kwa ile moja, na akatuona sisi ndio wajinga.

"Msiondoke kwanza," Niragira akasema. "Kadi inajaribiwa hapa hapa. Nyingine ni bandia. Imeandikwa giga mbili juu, ndani hakuna kitu."

Akaniachia mimi niiweke. Nikazima kifaa, nikaiweka kama mchoro wa ndani unavyoonyesha, bila nguvu. Nikawasha. Tukatembea kulizunguka soko. Kwenye kioo ukatokea mstari mwembamba. Nikapiga kigelegele, watu wakageuka!

"Hii ya pili ni ya akiba," Niragira akasema. "Iweke kwenye kasha lake, kasha ndani ya kopo lenye mfuniko. Na kuku umweke mbali."

Nilimkumbatia. Nilijua simwoni tena karibuni, na iliniuma.

Alasiri ile tulitembea kutoka chemchemi hadi shuleni. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wanawake wa kitongoji kizima walinifuata wakiimba. Hata mama mkwe alikuja na fimbo yake, akiuliza kila hatua, "Inaandika? Bado inaandika?" Ilikuwa inaandika.

Ijumaa gari lilipofika, nilikabidhi kifaa na kadi. Nikaungama pia habari ya kuku. Dereva alicheka mpaka akakosa pumzi.

Miezi minane baadaye, maji yalitoka shuleni. Padri alibariki bomba. Siku hiyo mama mkwe mwenyewe alimkamata yule tetea mwekundu, akanipa kisu. "Vifaranga wake wamekua," akasema. "Sasa ni halali yako."

Nilipompasua nilitafuta kadi. Nilikuta kokoto na mahindi tu.

Tukakaa kula. Kwetu firigisi ni ya mwenye mji, hakuna mwingine anayeigusa. Nilimwekea Methusela kwenye sahani yake, kama siku zote. Akaitazama. Akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu.

Limi akashika mdomo. "Mwanangu! Firigisi apewe mwanamke?"

"Mama, leo umechota maji wapi?"

Mama mkwe akatazama ndoo iliyojaa mlangoni, akanitazama mimi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula kabla hajabadili mawazo."

Niliila yote. Sikumbakizia mtu hata kipande.